Kukariri si Kufahamu

Kila mwaka miezi ya mitihani inapokaribia, vijana wetu wa Lubumbashi wanatembea barabarani na daftari mkononi, midomo ikicheza. Wanakariri. Kati yao wako wanaosomea ualimu katika shule za sekondari, na somo linalowasumbua sana ni saikolojia, yaani elimu ya akili na mwenendo wa mtu. Kwa kuwa nilisoma kidogo elimu hiyo seminarini, wazazi wamezoea kuwaleta kwangu Jumamosi, baada ya katekisimu. Leo nataka kuwaeleza niliyoyaona katika kazi hiyo, maana yanawahusu wazazi pia, wala si wanafunzi tu.

Jambo la kwanza ni hili: kijana aweza kujua maneno yote ya daftari, asifahamu hata moja. Msichana mmoja alinitajia bila kukosa maneno manne ya Kifaransa ya fundisho la Pavlov, yule mtaalamu Mrusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake juu ya namna tumbo linavyosaga chakula. Nikamwuliza: «Katika jaribio la mbwa, mlio ni neno lipi kati ya hayo manne?» Akanyamaza.

Nikamwambia: «Basi, tuwaache mbwa. Mdogo wako ana njaa, naye anasikia mwiko ukigonga sufuria ya bukari. Kinywani mwake kunakuwaje?»

Akacheka: «Mwalimu, mate yanamjaa.»

«Je, mwiko unaliwa?»

«Hauliwi, Mwalimu. Lakini kila ukigonga, bukari inakuja.»

Hapo alikuwa amekwisha fahamu. Chakula kinatoa mate bila kufundishwa na mtu. Mlio haukuwa na nguvu hiyo. Umeipata kwa kufuatana na chakula mara nyingi. Nikamwuliza tena: «Na mwiko ukigonga kila siku, bukari isije?» Akajibu: «Atazoea, mate yatakoma.» Kumbe, amelipata mwenyewe fundisho la ukurasa unaofuata! Sasa yale maneno manne yalikuwa na mahali pa kukaa.

Jambo la pili: tusifundishe utafiti kwa kinywa tu. Jean Piaget, Mswisi aliyeishi tangu 1896 hata 1980, alichunguza jinsi watoto wanavyofikiri. Basi niliwatuma wanafunzi kwa watoto wa jirani, wenye miaka mitano na wenye miaka minane. Wanatia maji sawasawa katika glasi mbili zilizo sawa, kisha wanamimina ya glasi moja katika chupa nyembamba. Wengi wa wadogo wanasema maji ya chupa ni mengi zaidi, kwa sababu yamepanda juu. Wakubwa wanashangaa hata kuulizwa.

Lakini mwanafunzi mmoja alileta majibu tofauti na wenzake. Tukatafuta sababu. Yeye alikuwa akiuliza: «Maji yameongezeka, sivyo?» Wenzake waliuliza: «Ni sawa, au upande mmoja umezidi?» Wote wakaona jinsi swali linavyoweza kutia jibu katika kinywa cha mtoto. Tangu siku ile hakuna aliyehitaji kukariri kwa nini mtafiti achunge maneno yake.

Jambo la tatu ni juu ya kusoma kwenyewe. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alichapa mwaka 1885 kitabu juu ya kukumbuka na kusahau. Alijijaribu mwenyewe kwa silabi zisizo na maana. Baada ya saa moja aliona zaidi ya nusu ya kazi yake imepotea, na baada ya siku moja kama theluthi mbili. Tena aliona kwamba kurudia mara 38, kwa kugawanya katika siku tatu, kulimfaa sawa na kurudia mara 68 katika siku moja. Hapo kijana mmoja akauliza: «Mwalimu, huyo ni mtu mmoja tu. Tumsadiki?» Nilifurahi, maana hilo ndilo swali la mtafiti. Dawa yake ni kurudia jaribio. Mwaka 2015 Murre na Dros wa Amsterdam walilirudia, wakapata matokeo yanayofanana na yake.

Lakini fundisho lililo gumu kuliko yote ni hili: mambo mawili yakifuatana, je, la kwanza ndilo lililozaa la pili?

Kijana mmoja alituletea habari ya mtaa wao. Yatima alipokewa na mjomba wake. Baadaye mjomba akapoteza kazi, na mtoto mchanga wa nyumba ile akaugua. Watu wakaanza kusema yatima ni mchawi, afukuzwe.

Nikachora ubaoni nyumba yenye vyumba vinne. Cha kwanza: waliopokea mtoto, wakapata msiba. Cha pili: waliopokea mtoto, wasipate msiba. Cha tatu: wasiopokea mtoto, wakapata msiba. Cha nne: wasiopokea, wala wasipate. Wanafunzi wakavijaza kwa jamaa wanaowajua. Chumba cha tatu kilijaa upesi, maana malaria na kufukuzwa kazi huingia hata katika nyumba isiyo na mgeni. Cha pili nacho hakikuwa kitupu. Nikawaambia: «Wasemaji wa mtaa wanahesabu chumba cha kwanza tu.» Tena hata kama chumba hicho kingejaa, ingetupasa kutafuta jambo la tatu: labda umaskini au ugonjwa uleule uliowaua wazazi bado unazunguka katika ukoo.

Kijana akakaa kimya, kisha akasema: «Mwalimu, basi hatujui kitu chochote kibaya juu ya mtoto yule.»

Nikamjibu: «Ndiyo. Na watu wanataka kumfukuza.»

Jioni ile alikwenda na baba yake kwa mjomba, akachora vyumba vinne mavumbini. Baba yake akakumbusha kwamba Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi. Si wote waliosadiki. Lakini mtoto angali analala katika nyumba ile, naye anakwenda shuleni.

Kwa hiyo, ninyi wazazi, mwanenu akisema amemaliza kusoma, msimwulize amesoma kurasa ngapi. Mwambieni akae karibu nanyi mnapotwanga sombe, awaeleze somo lake kwa Kiswahili, na kwa mambo ya nyumbani. Akishindwa, asikaripiwe, arudie kesho, na kesho kutwa. Mtihani utapita kwa siku chache. Lakini siku moja jirani atakuja kwake na neno baya juu ya mtu, na siku hiyo atahitaji kujua kupima.