Molly na jozi 17 na nusu za mbwa

Nimeadimika kidogo, majaribio ya katikati ya muhula yalinibana ile mbaya. Leo najibu swali mliloniuliza kibao tangu niseme nakwenda kuwinda na farasi: eti Mbongo na farasi wapi na wapi?

Ni kweli, kwetu farasi ni wa kuhesabu. Mbung'o hawampi nafasi, na kuna ugonjwa mwingine wa farasi unaoenezwa na usubi, huo ndo muuaji kabisa. Wachache waliopo wengi wako kwenye miinuko ya baridi, Arusha na upande wa magharibi wa Kilimanjaro. Mjomba wangu alikuwa saisi huko, yaani mtunza farasi, na mie nilikaa juu ya tandiko kabla sijajua baiskeli. Ndo maana nikaishia Limerick, Ayalandi, nasoma sayansi ya farasi, na wikiendi napiga kibarua kwenye zizi la mzee mmoja kijijini.

Molly ni farasi jike wa miaka 4, rangi ya kahawia. Mama yake ni Irish Draught, baba yake farasi wa mbio. Aliyemzalisha ni marehemu mke wa mzee. Mzee mwenyewe nyonga imegoma, hapandi tena. Sasa kuna mnunuzi ameshapiga simu mara mbili, na bei yake si mchezo. Mzee akasema: "Tumpeleke kwanza kwa mbwa. Akionyesha akili anabaki, amsubiri mjukuu wangu akue. Akipandwa na wazimu, aende." Halafu akanitazama mimi.

Kwa wasiojua: mbwa wananusa njia ya mbweha, mtu mmoja anawaongoza kwa sauti na tarumbeta fupi ya shaba, wengine wote wako juu ya farasi wanafuata nyuma. Mbwa huhesabiwa kwa jozi. Asubuhi ile walikuwa jozi 17 na nusu, yaani 35. Msiniulize kwa nini wasiseme tu 35. Scotland walipiga marufuku uwindaji wa namna hii mwaka 2002, England na Wales wakafuata kwa sheria ya 2004, Jamhuri ya Ayalandi haikufuata njia hiyo. Mie upande wa mbweha sijaupenda na sitajifanya nimeupenda. Mama kaniuliza kwenye simu, "Huyo mbweha mnamla?" Nikasema hapana mama. Kimyaa. "Sasa mnamkimbiza wa nini?" Sikuwa na jibu, na nashukuru siku ile mbweha aliingia shimoni mapema wakamwacha.

Msimu wenyewe, ule wa makoti mekundu mnayoyaona kwenye picha, huanza Novemba. Oktoba watu hutoka asubuhi na mapema, wachache, na makoti ya kawaida ya sufu. Hata mbwa wengine ni wachanga, nao wanajifunza. Kwa hiyo farasi mgeni hupelekwa wakati huo. Molly tulimfunga utepe wa kijani mkiani, maana yake mwanafunzi, kama ile L ya gari. Ukiona utepe mwekundu kaa mbali, huyo anapiga mateke.

Watu hudhani siku ya kwanza unamfundisha farasi kukimbia. Kukimbia amfundishe nani? Amezaliwa nako. Farasi ni mnyama wa kundi, wenzake wakitimka, mwili wake mzima unamwambia timka au utaliwa. Kazi yangu ilikuwa kumfundisha kusimama.

Tulifika saa moja na nusu, mwanga ndo unaanza, baridi ya kukata masikio. Mwenzangu wa darasani alikuwa juu ya Bosco, mzee wa miaka 17 ambaye ameona kila kitu. Mbwa walipopita nikamgeuza Molly awaelekee. Hiyo ndo kanuni ya kwanza, kwa sababu farasi wako akimpiga teke mbwa, utaisikia habari hiyo hadi mwakani. Mbwa mmoja mchanga akaja kumnusa. Molly akashusha pua, wakatazamana, wageni wawili. Nikasema moyoni, mbona rahisi.

Basi bwana, tarumbeta ikalia. Mbwa wakaanza kupiga kelele wote kwa pamoja kule msituni, na farasi waliokuwa mbele wakaondoka shoti. Molly alitetemeka chini yangu kama mashine ya kusaga. Akajizungusha, akaenda upande, akainua miguu ya mbele, povu mdomoni. Ukimvuta hatamu kwa nguvu unampa kitu cha kushindana nacho, na yeye ana kilo zaidi ya mia tano. Kwa hiyo nikawa namtembeza kwa miduara kumzunguka Bosco, nikihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama mjomba alivyokuwa akifanya. Bosco kasimama kama ng'ombe anayesubiri kukamuliwa. Mwenzangu katoa mkate mfukoni anakula! Nilikuwa nimeshapita mia mbili pale sikio moja la Molly liliponigeukia. Kisha kichwa kikashuka. Kisha kwato zote nne zikatulia chini. Wadau, sijawahi kufurahia kitu kisichokwenda popote kama vile.

Baadaye tulivuka tuta moja nyuma ya Bosco. Matuta ya huku farasi harukii upande wa pili moja kwa moja, anatua juu, anapanga miguu upya, ndipo anashuka kuvuka mtaro. Molly alifanya hivyo kana kwamba kafundishwa tumboni.

Saa moja ilipotimia tukageuza kurudi. Hapo ndipo nilipokuwa naogopa zaidi, maana mbwa walikuwa wanalia upya kule nyuma na kundi lote limebaki. Kuondoka wenzako wanaendelea ni kugumu hata kwa mtu, nendeni mkaulize pale kantini saa nne usiku. Molly alilia mara moja, akasimama kidogo, akamfuata Bosco.

Mzee alikuwa getini.

"Alisimama?"

"Alisimama."

"Na mlipoondoka, walikuwa bado wanakimbia?"

"Bado."

Akainama, ile nyonga ikimsumbua, akapapasa miguu ya Molly mmoja mmoja, taratibu. Simu ikalia ndani ya nyumba. Ikalia weee mpaka ikachoka yenyewe, yeye yuko kwenye mguu wa tatu.

Jumatano tunakwenda tena. Utepe nimeufua, uko juu ya hita hapa chumbani.