Kila Sehemu na Logi Zake

Nilipoanza kazi ya kutunza kanzidata mwaka 2003, katika kampuni moja ya simu jijini Dar es Salaam, nilikuta DB2 ya IBM, toleo la 8, ikiendeshwa kwenye seva nne za AIX. Kwa watu wa masoko waliokuwa wakituletea maswali, hiyo ilikuwa kanzidata moja. Unatuma SQL, unasubiri, jibu linarudi. Sisi wa chumba cha seva tulijua ni kanzidata tisa zilizokubaliana kujibu kwa sauti moja. Sehemu 0 ilibeba katalogi, yaani orodha ya majedwali yote na maelezo yake. Sehemu 1 hadi 8 ziligawana rekodi za simu. Namba ya mpigaji ilipitishwa kwenye hashi, hashi ikatoa nafasi moja kati ya 4,096, na kila nafasi ilikuwa na sehemu inayoimiliki. Mteja wa Tandika rekodi zake zikienda sehemu ya 3, za jirani yake wa mlango wa pili huenda zilikwenda sehemu ya 7, na wala hawakuwa na haja ya kujua.

Kazi kubwa ya siku hizo ilikuwa kuhakikisha tisa hizo zinafanana. Amri ya kubadilisha mipangilio ya kanzidata iligusa sehemu uliyounganishwa nayo tu. Ukitaka zote zibadilike, unaitumia db2_all, inayosoma faili la db2nodes.cfg mstari kwa mstari na kurudia amri yako kwenye kila sehemu. Ikikatikia njiani, kwa mfano seva moja haijibu, baadhi zimebadilika na baadhi bado, na hakuna kengele itakayolia. Mzabuni mmoja aliwahi kuongeza idadi ya logi za akiba, kigezo cha LOGSECOND, akaaga na kuondoka. Miezi ikapita salama. Kisha ikafika hesabu ya kufunga mwezi, ile inayoingiza mamilioni ya mistari kwa muamala mmoja, ikaanguka kwa kosa la SQL0964C: logi zimejaa. Nafasi kwenye diski ilikuwepo tele. Tulichapa mipangilio ya sehemu zote kwenye karatasi, tukazitandaza mezani, tukapitisha kidole mstari kwa mstari. Sehemu ya 6 ilikuwa bado na thamani ya zamani. Muamala uliosambaa kwenye sehemu nane huangushwa na moja tu iliyokosa nafasi, nao huanguka wote.

Logi zenyewe zinahitaji maelezo kidogo, maana ndizo zilizokula usingizi wetu. Kanzidata hufanya kama mwenye duka mwangalifu: kwanza anaandika kwenye daftari, ndipo anagusa rafu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, na katika mgao wa 2006 ulikatika mara nyingi kuliko jenereta zilivyoweza kuwahi, mashine ikiamka inasoma daftari na kujua lipi lilikamilika na lipi lirudishwe nyuma. Ukizihifadhi logi zilizojaa badala ya kuziacha zizunguke na kuandikwa upya, unaweza kuchukua bakapu ya Jumapili na kuisogeza mbele hadi Alhamisi saa nane mchana. Kila sehemu huandika logi zake yenyewe. Na majina ya mafaili hayo yanafanana: S0000412.LOG ipo sehemu ya 1, ipo ya 2, ipo ya 8, kila moja na yaliyomo tofauti kabisa.

Katika toleo la 8 la mwanzo, kuzihamisha logi kulikuwa kazi ya programu uliyojitengenezea mwenyewe, iliyoitwa db2uext2. IBM walikupa mifano ya C, mmoja wa diski, mmoja wa tepu, wewe ukaurekebisha na kuukusanya. Kanzidata iliita programu hiyo kila logi ilipojaa, ikiipa jina la faili na namba ya sehemu. Aliyenitangulia, fundi hodari kwa mambo mengine mengi, aliandika ya kwake bila kuitumia namba ya sehemu kwenye njia ya kuhifadhia. Kwa hiyo logi ya sehemu ya 2 ilifika kwenye saraka na kuifuta ile ya sehemu ya 1 yenye jina lilelile, ya 3 ikaifuta ya 2, na kadhalika hadi ya 8. Kila usiku ripoti ilisema kazi imefanikiwa. Na kwa kweli ilikuwa imefanikiwa, kwa maana programu ilifanya ilichoambiwa. Mzee wetu wa tepu, tuliyemwita Babu, ndiye aliyehisi jambo. Aliniambia, “Mwanangu, diski nane zinaandika, mbona tepu inajaa polepole kama ya mtu mmoja?” Shikamoo zangu kwake zilipata uzito mpya tangu siku hiyo.

Toleo la 8.2 lilitoka 2004 likaiondoa kazi hiyo mikononi mwetu. Sasa unaweka kigezo cha LOGARCHMETH1, unaonyesha diski au Tivoli Storage Manager, na kanzidata yenyewe inajenga njia: jina la instansi, jina la kanzidata, NODE0003, kisha saraka inayoanza na herufi C. Namba ya saraka hiyo huongezeka pale unaporejesha kanzidata na kuanza historia mpya, ili logi za historia ya zamani zisichanganyike na za mpya. Likaja na FAILARCHPATH pia, mahali pa kuweka logi kwa muda tepu ikigoma. Kabla yake, tepu ikigoma logi zilirundikana kwenye diski ya kazi mpaka ikajaa, na kanzidata ikasimama kabisa.

Upande wa diski mabadiliko yalikuwa ya taratibu zaidi, na kusema kweli sikuyafurahia mwanzoni. Tulikuwa na jedwali kubwa la Excel lililoonyesha kila kontena liko kwenye volumu gani, ya seva gani, kwa ajili ya sehemu gani. Katika amri ya kuunda nafasi ya majedwali uliandika $N ili kila sehemu iweke namba yake kwenye njia, na kabla ya alama hiyo ya dola ilibidi uache nafasi tupu. Vijana walioisahau walikesha. Toleo la 9 la mwaka 2006 lilileta hifadhi ya kujiendesha hata kwa kanzidata zenye sehemu nyingi: unaitajia njia, mengine inapanga yenyewe. Excel yetu ikabaki kuwa kumbukumbu. Ilinichukua muda kukubali kwamba sihitaji tena kujua rekodi za Julai ziko kwenye volumu ipi. Mwaka 2012 toleo la 10.1 likaongeza makundi ya hifadhi, rekodi za mwezi huu zikae kwenye diski za kasi, za mwaka juzi zisogezwe kwenye diski za bei nafuu, na hapo nikaacha kunung'unika.

Lakini lililobadilisha siku zangu za kazi ni toleo la 9.5, la mwaka 2007. Amri moja ya mipangilio ikagusa sehemu zote bila kuombwa. Bakapu nayo: zamani ilibidi uanze na sehemu ya katalogi, ikiisha ndipo uzianze nyingine, kwa skripti tuliyoilinda kama siri ya ukoo. Sasa ukaandika ON ALL DBPARTITIONNUMS na mambo yamekwisha. Zile karatasi za kutandaza mezani hatukuzihitaji tena.

Hata hivyo daftari halikuunganishwa. Hadi leo kila sehemu huandika logi zake. Kuisogeza kanzidata mbele hadi wakati fulani huamriwa kutoka sehemu ya katalogi, na faili moja likikosekana kwenye sehemu moja, zote tisa zinasubiri hapo. Lakini kwa kuwa amri moja sasa iligusa zote, baada ya 9.5 niliwaona vijana wenye vyeti vizuri wasiojua kwamba kuna NODE0005, mpaka siku ya kurejesha.

Tulipohama kutoka AIX kwenda Linux kwenye seva za Intel, data zote ilibidi zitolewe kama mafaili na kupakiwa upya, kwa sababu mashine hizo mbili hupanga baiti kwa mwelekeo tofauti na bakapu ya moja hairejesheki kwenye nyingine. Logi nazo vivyo hivyo. Makabati ya tepu aliyoyatunza Babu hadi alipostaafu hayakuweza kusomwa na mfumo mpya hata kidogo. Mkaguzi alikataa yatupwe. Tukanunua vipuri, tukaiacha seva moja ya AIX kwenye kona ya chumba, na kila robo mwaka kijana mmoja anapangiwa kuiwasha na kurejesha sehemu tisa kutoka tepu hizo, na anatakiwa kuandika kwenye ripoti jina la logi ya mwisho iliyosomwa kwa kila sehemu, tisa zote, kwa mkono.