Kuta za Kwihara

Treni ya Reli ya Kati ilinishusha Tabora alfajiri. Nilikuwa sijawahi kwenda magharibi zaidi ya Dodoma. Reli ilifika hapa mwaka 1912; kabla ya hapo karibu kila mzigo uliotoka Bagamoyo ulikuja kichwani au begani mwa mpagazi, mara nyingi Mnyamwezi, frasila mbili hivi kwa mtu, yaani kama kilo 32. Kilichonileta ni udadisi tu: matajiri wa pwani waliohamia huku walipamba vipi ndani ya nyumba zao?

Bodaboda ikanipeleka Kwihara, kwenye tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, alilokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya kutoka Ujiji na Stanley, akingoja wapagazi hadi Agosti. Mzee anayelitunza akaitikia shikamoo yangu, kisha akanifundisha salamu ya kwao: mwangaluka. Mlangoni nikasimama kidogo, maana mbao zile zina nakshi ya Kiunguja kabisa. Nikaingia nikitafuta zidaka, vile vishubaka vya lipu ambamo Lamu na Unguja hupangwa sahani za Kichina. Hakuna. Ukuta ni udongo, mnene na mtupu.

Haishangazi ukifikiria mzigo. Chokaa ya pwani hutengenezwa kwa kuchoma matumbawe, na nani angebebesha watu chokaa kwa miezi wakati bega lile lile lingebeba merikani, yaani kitambaa cha pamba, na shanga, ambazo ndizo zilikuwa fedha ya njiani? Mlango hufumuliwa ukabebwa. Tena mlango ndio mgeni anaouona kwanza, na mfanyabiashara huishi kwa kuonekana ana mali.

Wala karatasi za ukutani zisingefaa badala ya lipu. Uingereza alikotoka mpelelezi Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora ya sasa, mwaka 1857, kodi ya karatasi za ukutani ilikuwa imefutwa tangu 1836, na mashine zilishazifanya rahisi hata kwa wafanyakazi. Angezileta Unyamwezi, mchwa wangezimaliza kabla ya masika kwisha.

Lakini kuta zilizochorwa zilikuwepo, ila si za kuonyeshwa wageni. Bayeye, chama cha mafundi wa nyoka wa Usukuma na Unyamwezi, walichora nyoka na watu ndani ya nyumba za kufundishia wanachama wapya. Hans Cory, Mwaustria aliyefanya kazi Tanganyika, aliitolea michoro hiyo kitabu mwaka 1953. Kwangu mimi hao ndio wapambaji hasa wa kuta za nchi hii: wenye tembe walipamba mlango kwa ajili ya wapita njia, bayeye wakapamba ukuta kwa ajili ya waliokwisha kuingia.

Wakati wa kurudi nikamsimulia hayo dereva wangu. Akacheka. Sebuleni kwake, akasema, amebandika karatasi za plastiki zenye picha ya matofali.

"Na ukuta wenyewe ni wa nini?"

"Matofali, kaka. Ila haya ya dukani yamenyooka. Na mchwa hawali plastiki."