Ufunguo wa Kasha la Bibi

Bibi alipovuka kutoka Unguja kuja Maskati, alikuja na kasha la njumu lenye hati na picha za ukoo. Ufunguo aliufunga pindoni mwa kanga, na droo ya siri alimwonyesha mama peke yake.

Mimi niliyeirithi amana hiyo niliziweka picha zote, pamoja na sauti ya Bibi akisimulia safari yake, katika akaunti moja ya intaneti. Nywila ilikuwa jina lake na mwaka wa kuzaliwa kwake, mambo ambayo nilikwisha kuyaandika hapa hadharani. Mwaka jana mtu nisiyemjua akaingia, akaibadilisha. Kwa siku tatu sauti ile haikuwa yangu tena. Nilihisi nimefiwa naye mara ya pili.

Niliporejeshewa akaunti, nilitunga nywila ndefu ya maneno matano yasiyohusiana, nisiyoitumia kwingine. Nikaongeza uthibitisho wa pili: tarakimu sita za programu ya simu, zibadilikazo kila sekunde 30. Mwizi akiipata nywila, bado anao mlango wa pili mbele yake. Tarakimu hizo simpi yeyote, hata ajitambulishe kwa cheo gani.

Lakini kufuli imara humfungia nje hata mrithi. Kwa hiyo nimechapisha misimbo ya dharura, nikaiweka katika droo ile ile, na binti yangu nimemwonyesha.

Nanyi, ndugu zangu mlioko Dubai, London na kwingineko: ni nani ajuaye ufunguo wenu ulipo?