Kibanja Hiki cha Nani?

Si unajua tena safari ya kujitambulisha ukweni: unafungasha vitenge na sukari, moyo unadunda. Mimi na mchumba wangu tulifika Bukoba asubuhi, tukielekea kwao Muleba. Swali langu sikumwambia mtu: nikiolewa huku nitakuwa mwenyeji, au mgeni wa kudumu?

Kwanza tukatembea ufukweni. Bukoba ilianza mwaka 1890, Emin Pasha alipojenga kituo cha Wajerumani. Wajerumani hawakuwafuta wafalme wa Kihaya, waliwatumia. Mukama Kahigi wa Kianja alifaidi kuliko wote. Mukama ndiye aliyegawa ardhi. Kwa mfumo wa nyarubanja, ungeweza kutunza migomba miaka na miaka, bado ukawa mpangaji wa mkubwa fulani.

Basi likapita Kemondo, kisha Muhutwe. Yaani ni migomba na mibuni mpaka macho yachoke. "Kesi ile ilianzia wilaya hii," mchumba wangu akasema. Mwaka 1988 mwanamke mmoja aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Mpwa wake akamshitaki: mila ilimkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ikakubali, ya wilaya ikakataa. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akamaliza ubishi: mila hiyo ni ya kibaguzi, inapingana na Katiba.

Nyumbani nikapiga magoti kumsalimia bibi yake. Akanipa kahawa ya kutafuna, akaanza kusimulia. Babu alipofariki, mashemeji walikuja kupima kibanja kabla matanga hayajaisha.

"Mjukuu wangu, watemi walifutwa 1963. Siku hizi kuna serikali ya kijiji. Mkishaoana, nendeni ofisini mkaandikwe wote wawili."

Bibi hakukosea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inairuhusu halmashauri ya kijiji kutoa hati ya hakimiliki ya kimila, na mume na mke wanaweza kuimiliki pamoja.

Mchumba wangu akanyamaza. Tukalala, tukaaga, tukapanda basi, bado kimya. Nikajua basi tena, jibu nimeshapata.

Tulipofika Kemondo akanigeukia: "Kwenye hiyo hati, utaandika jina la baba yako au langu?"

"La baba yangu."

Akacheka. "Sawa. Ila tuwahi, mashemeji zako nawajua."

Wewe na mwenzako, mmeshaulizana?