Nyungunyungu wangu niliwapika mwenyewe

Watu wangu wa Likoni, leo nakiri kosa. Februari nilikopa elfu tatu za mamangu, pesa za chama, nikanunua nyungunyungu wale wekundu wa kutengeneza mbolea. Nilikuwa nimetazama video, kijana wa Limuru anavuna mbolea kwa magunia. Nikasema, hata mimi.

Nikawatia kwenye beseni jeusi, nikafunika, nikaweka kwenye banda la bati huku kwetu Timbwani. Siku ya nne nafunua, harufu tu! Wachache walikuwa wamepanda ukingoni wakitafuta pa kutorokea. Nyanya akachungulia: "Mjukuu wangu, hawa umewapika."

Wallahi alisema kweli. Aina hii hukua vizuri kwenye joto la nyuzi 15 hadi 25. Likipita 35, wengi hufa. Sasa fikiria Februari yetu, kivulini kwenyewe ni 32 au 33. Chini ya bati je? Limuru baridi ikizidi huwachelewesha kukua, lakini haiwapiki.

Nikaongeza kosa la pili. Waliobaki nikawamwagia maji asubuhi na jioni, nikidhani nawaokoa. Ni kweli nyungunyungu hana mapafu, anapumua kwa ngozi, na ngozi ikikauka amekwisha. Lakini beseni langu halikuwa na tundu hata moja. Maji yakatuama, hewa ikaisha. Kumbe ukavu unaua, na tope nalo linaua.

Sasa masalia yangu yako chini ya mwarobaini. Ndoo nimeitoboa, ndani nyuzi za makumbi ya nazi na samadi iliyokaa, juu gunia bichi la kupunguza joto. Kila siku nachota kiganja kimoja nakamua. Likitoka tone moja au mawili, sawa. Yakichuruzika, naongeza makumbi makavu. Juzi nimeona vifuko vya mayai, vidogo kama punje za mtama. Nikiwatunza, kama wiki tatu hivi vitaangua.

Maoni yangu ni haya: vijana wa Pwani tunauziwa ukulima wa bara bila mtu kuuliza kwetu kuna joto gani. Kabla hujalipa, muulize muuzaji, "Mwezi wa pili hapa Likoni nitawaweka wapi?" Akibabaika, rudi nyumbani na pesa zako.

Mimi zangu zilishaenda. Na mamangu bado ananidai.