Siku ya Nane Baada ya Mvua

Mvua ya kwanza ya mwisho wa kiangazi ikishanyesha kijijini kwetu Lufingo, Mama alianza kuhesabu siku. Hakuandika popote, wala hakutuambia anahesabu nini. Siku ya nane, au ya tisa kukiwa na baridi, aliamka kabla jogoo hajawika, akafungua dirisha la chumba tulimolala watoto, akasema, “Nuseni.” Mibuni yote, kuanzia nyuma ya jiko hadi kwenye mteremko wa mto, ilikuwa imefunikwa na maua meupe usiku mmoja. Harufu yake ilikuwa kama ya asumini, ila nzito zaidi. Iliingia mpaka kwenye mablanketi.

Siri ya hesabu ile niliijua ukubwani. Mbuni hutengeneza matumba yake mapema, kisha matumba yale hulala kiangazi chote yamefumba, madogo kama punje za mchele, yakisubiri mti uonje kiu na baadaye upate maji kwa ghafla. Mvua moja nzuri ikiyaamsha, yote hufumbuka kwa pamoja baada ya siku nane hadi kumi. Hudumu siku mbili, tatu zikizidi, halafu hunyauka na kuwa ya kahawia. Kwa siku hizo mbili kijiji kizima kilinuka harufu moja, na hata ugomvi wa mipaka ya mashamba, nakumbuka hivyo, ulipungua makali.

Kwetu Rungwe ni nchi ya mvua. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wetu ni wa volkano, mweusi na mwepesi. Ukichomeka kijiti cha uzio, Machi utakikuta na majani. Kwa hiyo Mama hakusumbuka kupata maua, alisumbuka kuyazuia. Kuzunguka uwanja aliokuwa akiufagia kila asubuhi alipanda kana nyekundu, waridi na dalia. Mizizi ya dalia, iliyovimba kama viazi, alipewa na mke wa mwinjilisti. Naye alipewa na mwanamke mwingine wa kanisani, na ukiufuata mnyororo ule nadhani utafika kwenye bustani za misheni, maana Wamoravian walikuwapo Rungwe tangu 1891. Hakuna aliyenunua ua. Mgeni aliondoka na kipande cha mzizi kilichofungwa kwenye jani la mgomba, na mwaka uliofuata alileta kingine cha rangi nyingine.

Dalia zilikuwa za masika. Januari zilianza, na kufikia Machi zilikuwa kubwa kama sahani za chai, zikijaa maji ya mvua mpaka shingo zinainama. Mama alizifunga kwenye vijiti vya mianzi kwa kamba za mgomba. Wakati huohuo maharage yalichanua chini ya migomba, maboga yalifungua maua yake ya njano juu ya rundo la samadi, na kishona nguo ilichanua popote ambapo jembe lilichelewa. Mama aling’oa kila kitu isipokuwa ua la boga lililojiotea katikati ya njia. Lile tulilizunguka.

Baridi ya Juni na Julai, ukungu ukishuka kutoka mlima Rungwe na kukaa hadi saa nne, ilikuwa ya mti mmoja tu: ule uliosimama mlangoni pa kanisa, uliokuwa mwekundu juu kama umemwagiwa rangi. Mwalimu wa shule ya Jumapili aliuita ua la Krismasi. Nilihangaika sana na jina lile, kwa sababu Krismasi mti ulikuwa wa kijani mtupu. Nilidhani tumeukosea jambo, labda kuukata vibaya. Jibu nililipata nikiwa mtu mzima. Mti ule asili yake ni Meksiko, nao hugeuka mwekundu usiku unapokuwa mrefu. Kwao usiku mrefu ni wa Desemba; kwetu, kusini mwa ikweta, ni wa Juni. Na ule wekundu ni majani tu, maua yenyewe ni yale madogo ya njano katikati. Nilifurahi kwa niaba ya mti ule. Haukuwa umekosea hata siku moja.

Chai haikuwa na msimu wa maua, na hili wageni hawalijui. Mashamba ya chai ya upande wa Katumba huchumwa mara kwa mara, machipukizi hayapewi nafasi ya kukomaa, kwa hiyo hubaki kijani mwaka mzima. Ukiona chai imechanua, maua meupe yenye moyo wa njano, ujue mwenyewe ameiacha. Jirani yetu mmoja alipouguza mkewe hospitalini kwa miezi mingi, shamba lake lilichanua lote. Mama alipita pale akatazama, hakusema neno, na kesho yake akaenda na wenzake wanne kulipogoa.

Kahawa yetu ilianza kwisha bila mtu kutangaza. Julai 1989 mfumo wa kimataifa uliokuwa ukizigawia nchi kiasi cha kahawa ya kuuza ulivunjika, na bei ikaanguka. Mimi nilikuwa shule. Nililipokea jambo lile kama barua ya Baba iliyosema ada itachelewa. Kisha ugonjwa wa chulebuni ukaingia, matunda yakawa meusi na kudondoka machanga. Dawa ya mrututu ya kupulizia ilipanda bei. Ilipofika katikati ya miaka ya 1990, wanunuzi binafsi waliporuhusiwa, Baba alikuwa anaitunza mibuni kwa heshima tu, kama mtu anavyomtunza mzee. Mibuni isiyopogolewa hurefuka, hutoa maua kidogo kidogo kwenye ncha. Harufu ikawa inakuja na kukatika, kama redio yenye betri zilizochoka.

Baba alipofariki, mdogo wangu wa kiume aling’oa visiki. Akapanda parachichi aina ya Hass, miche iliyobebeshwa. Nilimlaumu moyoni na nikanyamaza, kwa sababu mimi naishi Mbeya kwa mshahara na yeye ana watoto wanne shuleni. Leo nyumba ile ina bati jipya na watoto wote wanasoma. Nasema hivi bila kinyongo.

Na parachichi lina maua ya ajabu mno. Sikuwahi kuyaangalia utotoni, ingawa mti mkubwa wa kienyeji ulikuwa nyuma ya choo. Huchanua wakati wa baridi, maua madogo ya kijani-njano, malaki kwa malaki kwenye mti mmoja, na yanayofikia kuwa tunda ni machache sana. Bwana shamba alinionyesha jambo ambalo bado linanishangaza: kila ua hufumbuka mara mbili. Kwa Hass, asubuhi ya kwanza hufumbuka likiwa jike, tayari kupokea chavua. Mchana hujifunga. Kesho yake alasiri hufumbuka tena, sasa likiwa dume, linatoa chavua yake. Aina nyingine hufuata saa za kinyume. Ndiyo maana ni vizuri kuchanganya miti, ili dume wa huku amkute jike wa kule, na nyuki wawe na kazi ya maana. Mdogo wangu alitaka kuukata ule mti wa nyuma ya choo. Mama alikataa kwa sababu zake mwenyewe, na sasa ndio unaovumiwa na nyuki kuliko yote.

Harufu ya maua yale ni nyepesi, tamu, inakaribia ya unga wa mahindi mabichi. Asali yake ni nyeusi. Nimeizoea, hata naipenda. Lakini harufu hiyo huja Julai, na pua yangu bado inasubiri Oktoba.

Kuna mstari mmoja wa mibuni uliobaki, miti saba nyuma ya jiko. Mama aliizungushia dalia ili jembe lisikosee. Siku hizi mvua ya kwanza ikinyesha hunipigia simu. Salamu zikiisha husema tu, “Imenyesha jana usiku.” Nami nahesabu.

Mwaka jana siku ya nane iliangukia Jumatano. Niliomba ruhusa kazini nikanyimwa, nikapanda basi Ijumaa alasiri. Nilifika giza limeingia. Asubuhi nilikwenda nyuma ya jiko: maua yalikuwa ya kahawia, mengine yamemwagika chini juu ya matandazo ya majani ya migomba, na nyuki walikuwa wamesharudi kwenye kana. Niliporudi ndani nilikuta Mama ameweka mezani, karibu na chupa ya chai, glasi ya maji yenye tawi moja alilolikata Jumatano. Maua matatu yalikuwa bado meupe.

“Sogea hapa mwanangu,” akasema, “unuse kabla hujanywa chai.”